Shokapu za Mbele za Pikipiki Kuukuu

Leo jembe tuliweke kando kidogo, tuitazame pikipiki, maana siku hizi ndiyo inayotufikishia mazao gulioni.

Mfikirie mkulima wa milima ya Usambara anayeteremsha kabichi kwenda Mombo. Anakaribia kona, anabana breki, na pikipiki yake ya zamani inainama mbele mpaka shokapu zinagonga, ko! Usukani unayumba. Hapo si kabichi tu, ni roho ya mtu. Wengi watasema, "Springi zimekufa, ninunue mpya." Ngoja kwanza, ndugu yangu.

Ndani ya kila shokapu mna springi na oili. Springi hubeba uzito. Oili huituliza springi, isizame kwa kishindo wala isiruke kama mpira. Oili ikikaa miaka mingi huchoka, na ikivuja hupungua. Basi anza na oili.

Kwanza, tazama bomba linalong'aa. Ukiona limelowa oili, sili imekwisha. Ibadilishe, kwani oili ikifika kwenye breki, breki haishiki.

Pili, weka gogo imara chini ya injini ili gurudumu la mbele liwe juu. Fungua vifuniko vya juu polepole. Usiinamishe uso hapo, maana springi huweza kukirusha kifuniko. Fungua skrubu ya chini, umwage oili yote. Kama skrubu hiyo haipo, mwachie fundi azitoe shokapu azipindue. Kisha tia oili ya shokapu, kwa namba na kipimo cha kitabu cha pikipiki yako. Pikipiki nyingi za zamani hutumia namba 10. Oili chakavu ya injini usitie kamwe. Pande zote mbili ziwe sawasawa.

Je, bado inainama haraka? Jaribu namba 15. Ila usizidishe uzito: oili nzito mno hulichelewesha gurudumu kurudi chini, likakuta shimo la pili kabla halijatulia.

Tatu, pima. Gurudumu likiwa bado juu, pima urefu wa bomba linalong'aa kwa rula. Shusha pikipiki, panda na mzigo wako wa kawaida, mwenzako apime tena. Kama shokapu ina mwendo wa sentimita 12, kuzama sentimita 3 hadi 4 ni sawa. Ikizidi hapo, weka kipande cha bomba cha sentimita 1 juu ya springi, kila upande. Ikiwa bado inazama, sasa ndiyo ununue springi.

Ukimaliza, jaribu kwanza kwenye tambarare bila mzigo, ndipo urudi mlimani. Kabichi zifike, na wewe ufike. Kwaherini, ndugu wakulima, mpaka kipindi kijacho.