Fratri na Mwalimu: Namna ya Kujifunza Kuongoza



Mara nyingi wakristu wananiuliza: "Padri, miaka yote ile katika seminari mulikuwa munajifunza nini?" Wanajua kama tunasoma filozofia na teolojia, kama tunafundishwa kuhubiri na kutoa sakramenti. Lakini iko fundisho lingine ambalo vitabu peke yake haviwezi kulitoa: namna ya kuongoza watu bila kuwatisha. Leo ninataka kueleza fundisho hilo, tena kuonyesha sababu gani sisi wa Nyangwe tunapashwa kulishika sana.

Eklezya haikuanza jana kulea mapadri wake. Mwaka wa 1563 Mutaguso wa Trento uliagiza majimbo yawe na nyumba za kulelea vijana wanaotaka upadri. Ndio mwanzo wa seminari. Katika inchi yetu, Mapadri Weupe walifungua seminari ndogo pa Mpala, kwenye ziwa Tanganika, mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Mumoja wa vijana wake alikuwa Stefano Kaoze, mwana wa Watabwa. Alisoma Mpala, kisha Lusaka, kisha Baudouinville, karibu na Moba ya leo. Monsenyeri Roelens alimupa upadri tarehe 21 mwezi wa saba mwaka wa 1917. Ndiye Padri wa kwanza wa Kongo katika nyakati zetu.

Malezi yake yalipita miaka kumi na mitano. Alijifunza Kilatini na mambo mengi ya Ulaya. Lakini angali mwanafunzi, mwaka wa 1910 na 1911, aliandika kwa Kifaransa juu ya mawazo na roho ya watu wake, na maandiko yake yakatoka katika gazeti la Ubelgiji. Kumbe Kilatini hakikumusahaulisha hekima ya wazee wa kwao. Alifika mbele ya altare akiwa angali anawajua watu ambao alitumwa kwao.

Hilo ndilo Eklezya inalolitafuta mpaka leo. Mutaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Optatam Totius ya mwaka wa 1965, unataka malezi yote ya seminari yaelekee kazi ya uchungaji. Baba Mutakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika Pastores dabo vobis ya mwaka wa 1992, alieleza mafungu mane ya malezi: malezi ya utu, ya roho, ya akili na ya uchungaji. Anaweka utu kuwa musingi. Maana mutu asiyejua kusalimia, kushukuru na kuomba musamaha, akili yake itamusaidia nani? Kwa hiyo fratri anatumwa kwa staji. Anakaa pamoja na watu ili ajifunze uchungaji kama vile mutoto anavyojifunza kulima: akiwa shambani, nyuma ya mukubwa wake.

Sasa tuangalie hapa kwetu. Katika Nyangwe neno "mukubwa" lina historia ya uchungu. Soko la Nyangwe, kandokando ya Lualaba, lilikuwa soko la wamama. Tarehe 15 mwezi wa saba mwaka wa 1871, watu wa wafanyabiashara wa watumwa walipiga bunduki katika soko lile, na watu mamia wakafa, wengine kwa risasi, wengine kwa maji. Livingstone alikuwa pale, akaona kwa macho yake. Mwaka wa 1893 waaskari wa Dhanis wakashika Nyangwe, kisha Kasongo. Nyuma yao ikaja kodi, na tangu mwaka wa 1917 kulima pamba kwa lazima. Kisha vita ya Simba mwaka wa 1964, na vita zingine tangu mwaka wa 1996. Basi kwa watu wengi wa hapa, mukubwa ni yule anayekuja na silaha ao na karatasi. Kijana anayevaa kanzu nyeupe anaingia katika historia hiyo, hata kama hajui.

Mimi sikujua. Nilipokuwa fratri, nilitumwa kwa staji katika kijiji kimoja ng'ambo ya muto. Mukatekista wa pale alikuwa muzee, ametumika miaka mingi. Mashirika yake yalikutana magaribi, watu wakitoka mashambani, na wamama walizungumza murefu mbele ya kusali. Niliona kama ni fujo. Nikabadilisha saa. Nikaanza kuandika majina ya wale wasiokuja, na siku ya Mungu nikayasoma mbele ya watu wote. Siku ya Mungu ya kwanza kanisa lilijaa. Siku ya tatu nusu ya mabenchi yalikuwa wazi, na wamama ndio waliotangulia kuacha. Nikamusemesha yule muzee kwa ukali kwamba anawafundisha watu kunizarau.

Hakujibu mbele ya watu. Usiku alikuja na taa yake, akakaa, akasema:

"Fratri, wewe utarudi seminari. Mimi nitabaki na watu hawa. Karatasi yako ya majina inawakumbusha karatasi zingine. Babu zao waliandikwa kwa ajili ya pamba. Wao wenyewe waliandikwa wakati wa vita, na wengine walioitwa majina hawakurudi."

Nikasema: "Baba Mwalimu, unisamehe. Nifanye nini?"

"Kesho tutaenda pamoja. Mimi nitasema, wewe utasikiliza."

Tulitembea siku ine, nyumba kwa nyumba. Tuliingia pia kwa jirani Waislamu, maana ni ndugu za wakristu wetu kwa damu. Wengine walirudi katika shirika. Wengine hawakurudi mpaka nilipoondoka, na hao ningali ninawabeba katika Misa.

Ndugu zangu, ona hasara iliyokuwa karibu. Padri wa kwetu anafika katika kijiji cha mbali mara chache kwa mwaka. Barabara zikiharibika ao vita ikifunga njia, mukatekista ndiye anayekusanya watu kwa sala, anabatiza mutoto anayetaka kufa, anazika wafu. Fratri akimuvunjia heshima mbele ya watu kwa mwezi mumoja, Padri atakayekuja nyuma yake hataweza kuirudisha kwa miaka kumi.

Basi nawashauria mambo machache. Wewe fratri, ukifika kwa staji, mwezi wa kwanza usibadilishe kitu. Uliza: Nani alianza jambo hili? Sababu gani? Nani ataumia likiondolewa? Wewe Padri, usimupeleke fratri kijijini bila kumukabidhi kwa mwalimu, na mwisho wa staji umusikilize mwalimu huyo mbele ya kuandika ripoti kwa seminari. Nawe mukatekista, usinyamaze kwa sababu kijana amesoma kukupita. Umuonye kwa siri, kwa upendo, kama mutoto wako. Maonyo hayo ni sehemu ya malezi yake.

Tunaye mufano karibu. Monsenyeri Munzihirwa alikuwa askofu wetu wa Kasongo mbele ya kupelekwa Bukavu. Vita ilipokaribia muji, hakukimbia kundi lake, na tarehe 29 mwezi wa kumi mwaka wa 1996 akauawa katika Bukavu. Hakuwa na bunduki, lakini watu walimufuata, kwa sababu walijua kama anabaki nao.

Yezu Kristu, aliyeosha miguu ya mitume wake, atufundishe sisi sote kuongoza namna yake.