Mlango wa Meli Unapofungwa: Amana ya Walio Juu na Walio Chini



Wiki chache zilizopita, baada ya swala ya Alasiri, alitujia mama mmoja wa mtaani mwetu akiwa na bahasha mkononi. Ndani yake mlikuwa na karatasi za kazi za mwanawe, kijana wa miaka 23, aliyekubaliwa kuwa mhudumu wa jikoni katika meli ya kitalii. Mama huyo hakuja kutuuliza habari za mshahara wala za miji atakayoiona mwanawe. Swali lake lilikuwa jingine kabisa: “Sheikh, maradhi yakizuka huko baharini wakawafungia watu ndani, mwanangu atakuwa upande gani wa mlango?”

Tulinyamaza, kwa kuwa hatukuwa na jibu. Tulimwomba atupe muda, tukaanza kusoma na kuwauliza mabaharia wastaafu. Tuliyoyapata tunayaleta hapa, kwani tunajua kwamba bahasha kama ile imo katika nyumba nyingi za Pwani.

Mji unaoelea

Sisi wakazi wa Mombasa tumezizoea meli hizi zinapoingia Kilindini, ndefu na nyeupe, zenye orofa kumi na zaidi, watalii wakishuka kuelekea Ngome ya Yesu na Mji wa Kale. Kwa hakika kila moja ni mji. Ina hospitali ndogo, maduka, jiko la kulisha maelfu, na ina walinzi wake.

Kila aingiaye, awe abiria au mfanyakazi, hupigwa picha na kupewa kadi. Kwa abiria, kadi hiyo ndiyo ufunguo wa chumba chake na ndiyo hati yake ya kutoka na kuingia. Apitapo langoni, sura yake hutokea kwenye kioo cha kompyuta, na mlinzi huilinganisha na uso ulio mbele yake. Hivyo kabla ya kung’oa nanga hujulikana ni nani yumo na ni nani amebaki bandarini. Mizigo hupitishwa kwenye mashine ya eksirei kama katika uwanja wa ndege, na kamera huangalia ushoroba na sitaha usiku na mchana. Mkuu wa ulinzi aghalabu ni mtu aliyewahi kulitumikia jeshi au polisi.

Utaratibu huu haukuja bure. Oktoba 1985 watu wenye silaha waliiteka meli ya Kiitalia Achille Lauro karibu na Misri, wakamuua abiria mmoja mzee aliyekuwa akitumia kiti cha magurudumu. Baada ya mkasa huo mataifa yaliandika mkataba wa mwaka 1988 dhidi ya uhalifu unaohatarisha safari za baharini. Kisha, baada ya mashambulizi ya Marekani ya Septemba 2001, zikatungwa kanuni za kimataifa za ulinzi wa meli na bandari, zilizoanza kutumika tarehe 1 Julai 2004. Ndizo zinazozitaka meli za kimataifa za abiria ziwe na afisa wa ulinzi na mpango wa ulinzi ulioandikwa.

Bahari yetu nayo ina kisa chake. Novemba 2005 meli ya kitalii Seabourn Spirit ilikuwa njiani kuja Mombasa. Katika pwani ya Somalia, maharamia waliokuwa katika mashua ndogo waliishambulia kwa bunduki na makombora. Walinzi wake walijitetea kwa maji ya mpira wa zimamoto na kwa chombo kinachotoa sauti kali ya kuumiza masikio, huku meli ikiongeza mwendo. Abiria waliamriwa kukaa ndani, mbali na sitaha. Meli ilinusurika, ikageuza njia kuelekea Shelisheli. Siku hiyo kufungiwa ndani kulikuwa ni rehema.

Mamlaka ya nahodha na mipaka yake

Yapasa tufahamu kwamba katikati ya bahari hakuna kituo cha polisi cha kukimbilia. Mwenye amri ni nahodha. Mtu akipigana, akitishia wenzake au akituhumiwa kwa uhalifu mkubwa, nahodha ana mamlaka ya kumzuia. Mara nyingi huwekwa chumbani mwake na mlinzi akasimama mlangoni. Jambo likiwa zito zaidi, meli kubwa huwa na chumba maalumu cha kufungia, kidogo, kisicho na vitu vya kumdhuru aliyemo, na kwa kawaida kiko orofa za chini.

Hata hivyo nahodha si kadhi. Hatoi hukumu wala hapangi kifungo. Kazi yake ni kuwalinda waliomo, kuhifadhi ushahidi, na kumkabidhi mtuhumiwa kwa wenye mamlaka nchi kavu. Hapo ndipo huingia suala la bendera. Meli ikiwa katika bahari kuu, sheria inayotawala ni ya nchi ambayo bendera yake inapepea juu yake, na meli nyingi za kitalii hupepea bendera za Bahama, Panama, Malta au Bermuda, hata kama wenyewe wanaishi kwingine.

Kina mama na dada zetu wana haki ya kujua jambo moja zaidi. Kwa sababu ya malalamiko ya wanawake waliodhulumiwa melini na ya familia zilizopoteza watu wao baharini, Marekani ilipitisha sheria mwaka 2010 kwa meli kubwa zinazochukua au kushusha abiria katika bandari zake. Milango ya vyumba lazima iwe na tundu la kumwona anayebisha. Vizuizi vya pembeni visipungue inchi 42, yaani sentimita 107 hivi. Melini lazima wawepo wahudumu wa tiba wenye ujuzi wa kumpima na kumhudumia aliyedhulumiwa, na dawa zinazohitajika. Tena meli lazima iweke utaratibu wa ni mfanyakazi gani anaruhusiwa kuingia vyumba vya abiria, na wakati gani.

Yaliyotokea Yokohama

Sasa tulirudie swali la mama yetu, kwani kufungiwa kwa ajili ya maradhi ndiko alikokuogopa.

Katika siku za kawaida, mgonjwa wa kutapika na kuharisha hutakiwa abaki chumbani mpaka apone na muda upite bila dalili, ili asiwaambukize wenzake mezani. Lakini Februari 2020 ulimwengu uliona karantini ya meli nzima.

Meli ya Diamond Princess ilikuwa na watu 3,711, abiria 2,666 na wafanyakazi 1,045. Abiria mmoja aliyeshuka Hong Kong tarehe 25 Januari alithibitishwa tarehe 1 Februari kuwa na korona. Meli ilipofika Yokohama, Japani, tarehe 3 Februari, haikuruhusiwa kushusha watu. Tarehe 5 yalitangazwa majina ya kwanza, si kwa majina bali kwa hesabu: watu 10 wameambukizwa. Abiria wakaamriwa kubaki vyumbani kwa siku 14.

Tazameni jinsi amri ilivyochanganyika. Bendera ya meli ilikuwa ya Uingereza, kampuni yenyewe ni ya Kimarekani, nahodha alikuwa Mwitaliano, na maji yalikuwa ya Japani. Waliomo walitoka nchi nyingi, kila serikali ikiwatazama watu wake.

Wenye vyumba vya roshani waliweza kuvuta hewa ya bahari. Wenye vyumba vya ndani, visivyo na dirisha, waliishi kwa taa ya umeme, wakisubiri zamu yao ya kutembea sitahani kwa muda mfupi. Wazee waliishiwa na dawa zao za kila siku, zikawa hazina budi kuletwa kutoka nchi kavu.

Lakini nani aliyewapelekea chakula? Nani aliyekipika, akakipanga kwenye sinia, akatembea mlango hadi mlango? Ni wafanyakazi. Hao hawakuweza kujitenga, kwani wangejitenga, watu elfu mbili na zaidi wangelala na njaa. Waliendelea na kazi, wakala pamoja, wakalala vyumba vya pamoja katika orofa za chini. Uchunguzi uliochapishwa baadaye ulionyesha kwamba miongoni mwa wafanyakazi 20 wa mwanzo waliothibitishwa kuambukizwa, 15 walikuwa wa huduma ya chakula, na 16 walikuwa na vyumba katika sitaha ya tatu, walikoishi wahudumu hao.

Abiria walianza kuruhusiwa kushuka tarehe 19 Februari, na tarehe 1 Machi wote walikuwa wametoka. Jumla ya walioambukizwa ilifika 712: abiria 567 na wafanyakazi 145. Waliofariki hawakupungua 13. Wataalamu waliona kwamba maambukizi mengi yalikuwa yamekwisha kutokea kabla milango haijafungwa, kwa hiyo hatusemi kwamba karantini haikufaa kitu. Tunasema kwamba iliwakinga walio juu kuliko ilivyowakinga walio chini.

Watu wa sitaha mbili

Dini yetu haikuacha jambo hili. Mtume wetu, swallallahu alayhi wasallam, alifundisha kwamba tauni ikiwa katika nchi tusiiingie, na ikitukuta ndani yake tusitoke kwa kuikimbia. Sayyidna Umar, radhiyallahu anhu, alipokuwa akielekea Sham akapata habari za tauni, alishauriana na masahaba akarudi na watu wake. Basi Muislamu haidharau karantini. Ni ibada ya subira na ni hifadhi ya nafsi za watu.

Lakini kuna mafundisho mengine, yaliyopokewa katika Sahihi Bukhari, ambayo twaona yanalihusu jambo hili hasa. Mtume alitupigia mfano wa watu waliopiga kura ya nafasi katika jahazi. Baadhi wakapata juu, baadhi chini. Wa chini walipotaka maji iliwabidi wapite kwa walio juu. Wakasema, afadhali tutoboe tundu upande wetu tusiwaudhi wenzetu. Wakiachwa, wote wataangamia. Wakizuiwa, wote wataokoka.

Kwa kawaida tunaufasiri mfano huu kwa kumkanya atoboaye, na ni sawa. Lakini tukiutazama kwa jicho la Yokohama, twajifunza pia kwamba hakuna usalama wa sitaha moja. Maradhi ya chini hupanda na sinia ya chakula. Anayemfungia abiria mlango, kisha akamwacha mpishi bila nafasi ya kujitenga, amefunga nusu ya mlango tu. Wala meli si peke yake. Wangapi kati yetu, korona ilipoingia, tulijifungia majumbani huku dada wa kazi akiendelea kutumwa sokoni kila siku? Na alipougua, ni nani aliyemtazama?

Amana hii huanza kwa mwenye amri. Januari 2012 meli ya Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, wakafa watu 32. Nahodha wake aliiacha meli kabla watu hawajaisha kutolewa, na mahakama ikamhukumu kifungo cha miaka 16. Nahodha wa Diamond Princess, Gennaro Arma, alikuwa mtu wa mwisho kushuka.

Ya kuuliza kabla ya kutia saini

Tulipomwita tena yule mama, alikuja na mwanawe. Tulizisoma karatasi pamoja, tukakuta kwamba wakala alikuwa amemtaka kijana alipe ada kubwa ya kumpatia nafasi. Basi twawaeleza wazazi wote tuliyomweleza yeye.

Upo Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014. Wahudumu wa jikoni na wa vyumba nao wamo ndani yake. Kwa mujibu wake, baharia hatozwi ada ya kutafutiwa kazi. Gharama ziwezazo kuwa juu yake ni za cheti cha afya, kitabu cha ubaharia, na pasipoti au hati kama hiyo ya kusafiria. Anastahiki nakala ya mkataba wake iliyotiwa saini, angalau saa 10 za mapumziko katika kila saa 24, matibabu awapo kazini, njia ya kulalamika humo humo melini bila kuadhibiwa, na nauli ya kurudishwa nyumbani.

Kwa hiyo ulizeni: Meli inapepea bendera ya nchi gani? Kijana atalala chumba cha watu wangapi? Akiugua, atatengwa wapi na nani atamhudumia? Safari ikisimama, nani atamrudisha? Hilo la mwisho si dogo, kwani mwaka 2020 maelfu ya wafanyakazi walibaki wamezuiliwa melini kwa miezi baada ya abiria kwenda makwao. Na kabla ya kumpa wakala chochote, nendeni katika Mamlaka ya Masuala ya Bahari ya Kenya, hapa hapa Mombasa, mkaulize kama ana leseni.

Kijana hakumlipa yule wakala. Anatafuta njia nyingine ya halali, na mama yake hamzuii tena. Swali lake la mwanzo tulimjibu hivi: mhudumu wa jikoni huwa upande wa nje wa mlango, ndiye abebaye sinia. Ndiyo maana haki yake yapasa ijulikane kabla hajapanda ngazi.

Twamwomba Allah awahifadhi wasafiri wetu wa nchi kavu na wa baharini, walio sitaha za juu na walio za chini, na awarejeshe kwa mama zao wakiwa salama. Amin.

Wabillahi tawfiq.