Waumini wasinyang'anywe wimbo

Katika makanisa mengi ya mijini siku hizi, mtu aweza kuhudhuria ibada ya saa mbili akatoka asiimbe hata ubeti mmoja. Kwaya huimba, kisha kundi la kusifu na kuabudu likashika zamu, na vipaza sauti vikanguruma hata usimsikie aliyeketi kando yako. Waumini husalia kupiga makofi mithili ya watazamaji wa mchezo wa kuigiza.

Jambo hili si geni. Katika karne ya nne, Baraza la Laodikia liliamuru kwamba asiimbe kanisani ila mwimbaji aliyeteuliwa. Katika Ulaya Magharibi, kwa karne nyingi, uimbaji wa Misa ulikuwa aghalabu kazi ya makasisi na watawa, tena kwa Kilatini. Martin Luther alipotoa tenzi za Kijerumani mwaka 1524, alikusudia watu waimbe wenyewe. Kanisa Katoliki nalo, katika hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu liturujia ya Desemba 1963, lilihimiza ushiriki wa waumini wote na kuzifungulia mlango lugha za wenyeji.

Mwanaisimu ana sababu yake ya ziada ya kulitetea jambo hili. Nyingi za nyimbo zilizomo katika Tenzi za Rohoni ni tafsiri zilizofungwa ndani ya mahadhi ya kigeni. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali mistari mingi ya tenzi za Kiingereza hukomea kwenye silabi yenye mkazo. Basi neno "Mungu" hulazimishwa kubeba mkazo kwenye "-ngu", kosa ambalo hata mtoto hathubutu kulitenda akizungumza. Lakini wasikilize akina mama wazee wakiimba pasipo kinanda. Huivuta silabi hii, wakaichelewesha ile, na mkazo ukarudi mahali pake. Hakuna kamati ya lugha iliyowafunza. Marekebisho hayo hufanywa na umma unaoimba. Ukinyamazishwa, tafsiri itabaki na kilema chake.

Aidha, wimbo wa umma hauhitaji mitambo. Uamsho ulioanzia Rwanda katika miaka ya 1930 ulienea hadi Kenya pamoja na kiitikio cha Kiganda, "Tukutendereza", ambacho wengi wa wanaokiimba hawajui Kiganda hata kidogo.

Simlaumu kijana mwenye gitaa. Kosa ni la wazee wa kanisa waliomwachia ibada nzima. Mwalimu anayesimamia ibada ya shule naye aweza kuanza juma hili: azime kipaza sauti, amteue mwanafunzi mmoja aanzishe wimbo, wengine waitikie. Wataanza kwa haya, hawa wakipanda mno na wale wakishuka. Awaache hadi ubeti wa tatu.