Mwenye Kovu Usidhani Kapoa

Apandaye njia ya Kadutu, hapa Bukavu, asubuhi na mapema, hukutana na akina mama walioinama chini ya mizigo. Mkanda hupita kipajini, gunia hulala mgongoni, na gunia hilo laweza kufika kilo 50. Ndivyo watoto wa nyumba nyingi wapatavyo chakula na karo ya shule. Sasa fikirini, wapenzi wasomaji: mmoja wa akina mama hao ameonekana ana kansa ya titi. Daktari amelikata titi hilo, naye mama amerudi nyumbani. Baada ya majuma mawili ngozi imefunga, na jirani wanasema, "Amepona." Je, aushike tena mkanda wake?

Hasha! Jeraha la nje hufunga upesi, la ndani hukawia. Kupasua ni kazi ya daktari kwa saa chache. Kuponya ni kazi ya jamaa nzima kwa majuma mengi.

Mrija na jeraha

Mara nyingi mgonjwa huachiwa mrija mwembamba ubavuni, wenye kichupa mwishoni. Kazi yake ni kutoa damu na majimaji yanayokusanyika mahali palipokuwa na titi. Mwenye kukimwaga kichupa anawe mikono kwa sabuni kwanza, kisha apime majimaji na kuandika kiasi chake katika daftari siku kwa siku. Yakipungua, daktari atautoa mrija. Mtu asiuvute mwenyewe.

Jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi na kikavu. Lisipakwe majivu wala majani, hata kama mshauri ni bibi mwenye mvi. Dawa zimezwe mpaka ziishe. Homa ikipanda, jeraha likiwa jekundu na la moto, likitoa usaha au likivimba ghafula, arudishwe hospitali siku ile ile, asingojee siku ya soko wala mshahara.

Mkono wa upande ule

Hapa watu hukosea kwa namna mbili. Wengine huulemea mkono kwa kazi. Wengine huufunga kifuani kwa hofu, usitikisike kabisa, mpaka bega likakauka. Njia iliyo njema i katikati. Tangu siku za kwanza mama afumbe na kufumbua kiganja, akunje kiwiko, achane nywele zake polepole. Mrija ukiisha kutolewa, na daktari akikubali, asimame mbele ya ukuta na kutambaza vidole kwenda juu, kila siku kidogo zaidi. Lakini ndoo ya maji, jembe, mtoto wa kubebwa na gunia vingoje majuma sita hivi, au zaidi daktari akisema.

Tena, mara nyingi daktari huondoa na tezi za kwapani. Hapo majimaji ya mwili hukosa njia yake, na mkono waweza kuvimba miezi, hata miaka, baadaye. Basi aulinde na moto wa jikoni, miiba na makali ya jembe. Akikatwa, aoshe kwa sabuni mara moja. Ukivimba, amwone daktari mapema.

Huko Marekani, katika mji wa Houston, mwaka 1962, Timmie Jean Lindsey alikuwa mwanamke wa kwanza kutiwa vifuko vya silikoni matitini. Leo wengi hutiwa vifuko vya namna hiyo baada ya kansa, wengine kwa kutaka umbo tu. Nao pia huonywa wasinyanyue vizito, wachunguze uvimbe na wekundu, wala wasidhani kifuko ni cha maisha yote, kwa maana chaweza kupasuka. Asiyekuwa nacho, jeraha likipona vema, aweza kushona kifuko laini cha pamba na kukivaa ndani ya sidiria. Si aibu.

Neno kwa waume

Wazee walisema, mgonjwa haulizwi uji. Mume asingoje kuombwa: achote maji mwenyewe, wana wapasue kuni, wifi ashike jembe. Mgonjwa apewe maharage, mayai, matunda na sambaza wa Ziwa Kivu, maana mwili unaojijenga wahitaji chakula cha nguvu. Mume alitazame kovu pasipo kugeuza uso. Hilo nalo ni dawa.

Mwisho, amsindikize siku za kuchunguzwa, iwe Panzi au Hospitali Kuu ya Rufaa ya Mkoa. Huenda dawa zaidi zikahitajiwa, na titi la pili lazima liangaliwe. Hata Rwanda, huko Butaro, pana kituo cha kansa tangu mwaka 1912 + 100, yaani 2012.

Na ule mkanda wa kipajini? Utundikwe ukutani. Siku ya kuushusha ataitaja daktari, si jirani, wala njaa ya nyumba ambayo wengine wenye mikono mizima wanaweza kuiondoa.