Mshipi na Ufito wa Mikono Miwili

Leo tutazungumza juu ya uvuvi wa samoni katika mto Spey, nchi ya Uskoti. Wavuvi wa huko hutumia ufito wa mita 4 hivi, ushikwao kwa mikono miwili. Chambo chao ni nzi wa bandia, wa manyoya, mwepesi sana. Kinachomrusha mbali ni uzito wa mshipi.

Mshipi mwepesi mno haupindi ufito, kwa hiyo hauendi mbali. Mshipi mzito mno huulemea ufito.

Vyote viwili huandikwa nambari. Lakini mishipi miwili yenye nambari moja yaweza kutofautiana uzito. Basi, mnunuzi na asome nambari, kisha asome na gramu. Asiyesoma hupoteza fedha yake.