Radio ya mifupa yote: namna munganga anatambua mtoto aliyepigwa

Mtoto wa miezi 5 analetwa hospitali, paja limevimba. Mzazi anasema alianguka kitandani. Munganga akipiga radio ya mguu ule tu na kuweka plasta, mtoto anarudi nyumbani. Kama ni mtu aliyemvunja, anarudi mikononi mwa yule yule.

Ndiyo maana, kwa mtoto wa chini ya miaka 2 anayeshukiwa kupigwa, inaombwa kupiga radio ya mifupa yote: kichwa, mbavu, mgongo, mikono, miguu mpaka vidole. Si picha moja ya mwili mzima, hapana. Kila sehemu na picha yake, juu mavunjiko madogo yanapotea katika picha moja kubwa. Na mtoto wa umri huo hajui kusema, tena mbavu zinaweza kuvunjika bila alama hata moja kwa ngozi.

Mambo haya yalianza kuonekana Marekani. Mwaka 1946, daktari John Caffey aliandika juu ya watoto 6 wenye damu karibu na ubongo pamoja na mifupa ya mikono na miguu iliyovunjika, bila mtu kueleza sababu. Mwaka 1962, Henry Kempe na wenzake walisema wazi: ni watoto wanaopigwa.

Munganga anatafuta nini? Mbavu zilizovunjika karibu na mgongo, sababu mara nyingi ni kifua kubanwa kwa nguvu na mikono ya mtu mzima. Vipande vidogo kwenye ncha za mifupa mirefu, vinavyotoka kwa kuvutwa ao kupindwa. Na mavunjiko ya nyakati mbalimbali: moja bichi, lingine limeanza kupona.

Ubavu uliovunjika jana unaweza kukosa kuonekana leo. Kwa hiyo picha zinarudiliwa kisha wiki 2 hivi, wakati mfupa mpya umeanza kuota. Kwa familia inayotembea siku nzima kufika hospitali, kurudi huko si mchezo.

Lakini picha haitaji jina la mtu. Kuna watoto wenye mifupa milaini kwa kukosa vitamini D, na wengine wanazaliwa na mifupa inayovunjika bure. Munganga anapaswa kupima hayo pia mbele ya kumshitaki mama ao baba, kisha kulinganisha picha na maelezo: mtoto asiyeanza hata kutambaa, paja limevunjika namna gani?

Kwetu Kongo, sheria nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inalinda mtoto na kuadhibu anayemtesa, hata akiwa mzazi.