Bahari Iliyofungiwa Mlango juu ya Mbu

Wengi wetu hapa tunajua ziwa na mto, lakini bahari ina desturi nyingine: inapanda na kushuka mara 2 kila siku. Bonde la chini kando yake linafunikwa na maji ya chumvi, kisha linaachwa wazi. Majani na samaki wa pale wanaishi kwa mwendo huo.

Katika mji wa Wellfleet, jimbo la Massachusetts (Marekani), kuna mto mdogo unaoitwa Herring River. Mwaka 1909 watu walijenga ukuta wa udongo penye kinywa chake. Juu ya nini? Juu ya mbu! Tena walitaka kukausha udongo. Milango ya ukuta ilikuwa na akili: bahari ikipanda, inausukuma mlango na kujifungia yenyewe, ikishuka, maji ya mto yanaufungua na kutoka. Hivyo hekta zaidi ya 400 zikakosa maji ya chumvi.

Mbu walikwisha? Hata kidogo. Maji ya mvua yalituama, na samaki wadogo wanaokula watoto wa mbu hawakuweza tena kuingia.

Wapenda kemia, sikilizeni. Matope ya bahari yana chuma na salfa. Yakikaa chini ya maji, hakuna neno. Yakikauka, hewa inaingia na kuzaa asidi sulfuriki, ile ile ya batri ya motokari! Asidi hiyo inayeyusha aluminiamu ya udongo, nayo inaharibu mashavu ambayo samaki wanapumulia. Mwaka 1980 mikunga wengi, wale samaki warefu kama nyoka, walikufa mle mtoni.

Sasa wenyeji wameamua kuirudisha bahari. Kazi ya kujenga daraja lenye milango mipana ilianza 2023. Mbona wasibomoe ukuta siku moja tu? Kwanza, kuna barabara za chini, nyumba, hata uwanja wa golfu. Hivyo vinapaswa kuinuliwa au kukingwa mbele. Halafu matope yaliyokauka yameoza na kushuka, mahali pengine karibu mita 1. Bahari ikiingia yote kwa ghafula, bonde litakuwa ziwa, na majani ya chumvi yatazama kabla ya kuota. Kwa hiyo milango itafunguliwa kidogo kidogo, miaka kwa miaka, na matope mapya yanayoletwa na bahari yatainua udongo polepole.